Sufu Wakati wa Kaskazi

Mwanamke wa tawi la chama alilinyanyua shali kutoka mapajani mwa Tabia, sindano ya kroshia ikaning'inia kwenye uzi. Akaigeuzageuza kofia ya shali iliyofumwa nusu, akatia mkono katika mifuko yake yote miwili. Mitupu.

"Sufu, na joto hili? Nani anakwenda Ulaya bila ruhusa?"

"Hendi mtu, bibi. Homa inanitetemesha." Tabia akajitanda shali hadi kidevuni, jasho likimchuruzika. Chumba cha pili, binti yake aliyekuwa akifunga sanduku akatulia kimya.

Yule mwanamke akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi kama mtungi.

"Homa kweli," akasema mwishowe. "Basi imalize hiyo kofia kabla ya Ijumaa. Ijumaa sitakuja peke yangu."