Nguchiro na Nungunungu Waachishwa Kazi

Mwaka huo mvua zilikatika, na shamba la mihogo la Nyati likatoa nusu tu ya mavuno. Nyati akapunguza wafanyakazi. Alimwachisha Nguchiro kwa sababu ni kijana asiye na uzoefu, na mzee Nungunungu kwa sababu nguvu zilimwishia.

"Babu, tutakula nini sasa?" Nguchiro aliuliza walipotoka shambani.

"Zamani, mwaka wa njaa, tulichimba viazi mwitu bondeni," alisema Nungunungu. "Mahali napakumbuka, mjukuu wangu, ila kuchimba siwezi tena."

"Mimi naweza kuchimba kutwa nzima! Nionyeshe tu."

Wakashuka bondeni. Nungunungu alinusa na kuelekeza, Nguchiro akafukua. Baada ya siku nne walikuwa na rundo la viazi, nao walicheka kwa shibe.

Mihogo ilipomwishia, Nyati akaja amenywea.

"Jamani, hamna kazi kwenu?"

"Ipo," Nungunungu alijibu. "Lakini atakayekufundisha ni huyu kijana."

Nyati alimtazama Nguchiro, kisha akainamisha pembe zake zote mbili.

"Shikamoo, mwalimu."

Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini, akampa kiazi cha moto.