Kanga ya Mama Imefuliwa

Nguo hutunza maneno yote yanayosemwa karibu nayo, mpaka ifuliwe; siku hizi kuna kisikilizio cha kuyatoa. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya, sauti yake siijui. Kanga yake moja ilibaki sandukuni kwa shangazi Mwanakombo.

Leo kaniletea. Inanukia sabuni na udi.

"Shangazi, umeifua?"

"Sasa nikupe nguo ya marehemu na jasho lake, mwanangu? Si aibu hiyo?" Halafu akakumbuka, akaketi chini.

Nikamtania, "Wewe hata bahari ungeifua." Hakucheka.

Tukaiweka kwenye kisikilizio. Ikatoka sauti ya shangazi mwenyewe, akiifukiza: "Wifi, mwanao kakua. Anacheka kama wewe."

Sasa nikicheka, nanyamaza katikati, nisikilize.