Sikio la Kushoto

Daktari aliyageuza majibu ya damu ili Mzee Shaweji ayaone, ingawa mzee hakujua kusoma.

"Jeni ya homoni ya kukua binti yako anayo, nzima kabisa," alisema. "Kibovu ni protini ya kuiamsha, kule kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ni kama shule isiyo na mgonga kengele, mzee wangu. Walimu wapo, masomo hayaanzi."

Siwatu alikuwa na miaka ishirini na sita, na kwenye kiti miguu yake haikufika sakafuni. Utotoni, kila Januari baba yake alimpeleka kuandikishwa shule. Mwalimu anamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, vidole vinaishia kwenye nywele, wanarudi nyumbani. Mwaka wa nne mzee akamfukuza mkewe, akidai mkosi umetoka kwao. Mama alifia huko huko.

"Si nilisema?" Shaweji alidakia. "Ni damu ya mama yake."

"Mtoto hawi hivi mpaka arithi kwa wote wawili. Ndiyo maana tulikupima na wewe. Kasoro hiyo unayo."

Mzee alikohoa. "Sindano hakuna?"

"Zipo. Angechomwa akiwa mtoto. Sasa mifupa imeshafunga."

Siwatu aliinua mkono wa kulia taratibu, akaupitisha juu ya kichwa, akalishika sikio la kushoto. Kisha akamgeukia baba yake, akakaa vivyo hivyo bila kuushusha.