Ramani Mbili, Shamba Moja

Afisa ardhi alizilaza ramani mbili pamoja kwenye kompyuta, ya zamani chini, mpya juu. Shamba la mikorosho la Nanganga likalingana.

"Bibi Semeni, shamba ni lilelile. Mipaka nachukua ya ramani mpya. Ila ya zamani ina jina la mke mwenzio, na mpya ina lako. Nifute la zamani?"

Siku ya kupima shamba upya, mke mwenzake alikuwa kitandani anaumwa. Semeni peke yake ndiye aliyewazungusha wapimaji.

Sasa mke mwenzake alikuwa amekaa kando yake. Alitazama vidole vyake, vyeusi kwa mafuta ya kubangua korosho. Semeni akatazama vyake. Vyeusi vilevile.

Kidole cha afisa kilikuwa kimeshagusa kitufe.

Semeni akadakia, "Hebu ngoja, mwanangu. Kompyuta yako inashindwa kuweka wake wawili? Marehemu mume wetu aliweza."

Afisa akacheka. "Inaweza, bibi. Nani atangulie?"

"Huyu. Hata kwa mume alitangulia. Mimi nilimkuta mzee wa watu kashachoka."

"Unadhani nani alimchosha?" akasema mke mwenzake.