Mbonyeo wa Winnie

Mikono ya Amos ilitetemeka mpaka vinara viwili vya fedha vikagongana ndani ya mifuko ya kitambaa cha kijani ya kuvihifadhia.

“Taratibu wewe!” Bwana Peregrine alifoka. “Vina miaka mia mbili hivyo. Wewe una sabini tu na tayari umechakaa.”

Amos aliviweka mezani, akarudi nyuma hadi ukutani. Chini ya kitako cha kinara kimoja kulikuwa na mbonyeo, mdogo kama kucha ya kidole gumba. Mkewe, Winnie, alikiangusha akikibandua nta mwaka ule wa harusi yao, wakanyamaza wote wawili. Katika nyumba hii msichana wa kazi aliwahi kufukuzwa kwa kuvunja kisahani. Winnie alikufa na siri yake katika kijumba cha watumishi kinachovuja, maana wakubwa pesa za farasi wanazo, za paa hawana. Sasa kijumba hicho ndicho pekee alichobakiwa nacho Amos.

Miaka arobaini alivisugua vinara vile kwa kidole gumba na unga mwekundu wa kung'arishia fedha, asijue mtu juu ya mbonyeo ule. Halafu, miaka sita iliyopita, Bwana Peregrine alivipeleka London mwenyewe, eti tawi moja la kinara lililopinda linyooshwe. Viliporudi akavifungia kabatini.

“Mikono yako imezeeka,” alimwambia Amos.

Leo mama yake Bwana Peregrine, Lady Augusta, mwenye vinara, alikuwa amemwita mthamini wa vitu vya kale, Bwana Pym, bila kumwambia mwanawe. Bwana Peregrine alipata habari mezani asubuhi, na mayai yake hakuyagusa.

“Unatafuta nini hasa, Bwana Pym?” Lady Augusta aliuliza.

“Uongo, Bibi. Mghushi hukandika udongo kwenye kitu halisi, ukichukua sura yake akamimina fedha humo. Hupata kila kitu, hata kovu.”

Mthamini alivua mfuko wa kwanza, akakipindua kinara. Kidole chake kikasimama.

“Hapa pamebonyea.”

“Amos!” Bwana Peregrine aliruka. “Nani amekiangusha?”

“Mke wangu, Bwana,” Amos alijibu. “Zamani sana.”

“Na mkafunga midomo! Jumamosi nisikukute kwenye kile kijumba.”

“Hebu mwache kwanza, Peregrine,” mama yake alisema.

Mthamini alikuwa amekwisha kuvua mfuko wa pili. Alikipindua kinara. Kisha akamwita Amos kwa upole, akamshika kidole gumba, akakipeleka chini ya kitako.

Kidole kikazama. Mahali palepale, upana uleule.

“Mzee, mkeo aliangusha vyote viwili?”

Amos alimtazama Bwana Peregrine usoni. Mikono yake ilikuwa imetulia.

“Hapana, bwana. Kimoja tu, kabla havijapelekwa London.”