Mgonjwa wa Pili

"Mama, nakuomba tena, keti. Huyu ni mfano tu," alisema Profesa Mwandambo.

"Mfano hauzikwi. Huyu nimemzika," alijibu Bi Nambua, amesimama katikati ya ukumbi wa chuo. "Fundi baiskeli, miaka kumi na tisa, hana kidole gumba cha kushoto. Wako wangapi mji huu? Huyo ni mwanangu."

Ubaoni paliandikwa Mgonjwa wa Kwanza na Mgonjwa wa Pili. Mashine ya kupumulia ni moja, na wasikilizaji walikuwa wameombwa wanyooshe mikono kuamua nani apewe.

"Pole sana, mama. Lakini maadili hayaturuhusu kutaja majina."

"Ila yanaruhusu kumpigia kura?"

Mtu wa safu ya nyuma alinong'ona, "Si akae tumalizie?" Mikono ya waliomchagua Mgonjwa wa Kwanza ilikuwa bado haijashuka.

Bi Nambua alikwenda ubaoni, akafuta Mgonjwa wa Pili kwa ncha ya khanga yake, akaandika: Sekiondo. Kisha akatoka na chaki mkononi.

Profesa alibaki akipapasa mezani, akitafuta chaki nyingine.