Kibao cha Mwalimu Mbonde

Kwenye kipindi cha Kiingereza cha Mwalimu Mbonde, aliyeropoka Kiswahili alivikwa kibao shingoni mpaka jioni: kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuteleza hata neno moja, miaka yote.

Siku moja wanafunzi walikuwa wakisoma habari ya familia moja iliyokwenda kutembea mjini. Mkuu wa shule akamwita mwalimu mlangoni, wakanong'ona. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Tumsifu, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "kusanya vitu vyako. Mjomba wako yuko nje anakusubiri."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Tumsifu, maana kila mmoja alishaelewa.

Tumsifu akasimama wima, mikono nyuma, kama walivyofundishwa. Akauliza kwa Kiingereza, sentensi nzima, bila kukosea, kama leo asubuhi mama amekunywa uji.

Mwalimu akafungua kinywa. Kisha akainua mkono, akajipapasa shingoni, kama mtu anayetafuta kamba.